Rundo Nyuma ya Karakana ya Bruning

Padri, ndugu, majirani, na ninyi marubani mliofunga ndege zenu kwa kamba kule uwanjani na sasa mnausikiliza upepo kuliko mnavyonisikiliza mimi, naitwa Marcella, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Lyle Vondracek, kwa sababu mama amesema akisimama yeye atasema mambo ambayo Padri hataki yasemwe kanisani.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, shambani karibu na Wilber, Nebraska, mtoto wa nne wa Bwana Emil na Bi Libuse Vondracek, akasoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari ya Wilber aliyoimaliza Mei 1962, na walimu walioandika kwamba hatulii kitini hawakumsingizia. Alijifunza urubani mwaka 1966, na kufikia 1968 alikuwa na ndege yake mwenyewe ya kunyunyizia dawa mahindi, ndege aliyoinunua ikiwa imekwisha kuchoka, ambayo bibi aliiombea kila Jumapili kama anavyoombewa mkwe mlevi.

Majira ya baridi ya mwaka 1973 injini ilianza kunywa oili na kukosa nguvu, ikabidi ishushwe na silinda zake zote sita zipelekwe kwa fundi, na hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Aliuliza marubani wenzake, kila mmoja akamsifia fundi wake na kumponda wa mwenzake, mpaka akaamua kwenda Salina, Kansas, kwa mzee Bruning, ambako alikuta nyuma ya karakana rundo la silinda zimelala kwenye theluji, akajisemea moyoni kwamba kumbe hawa ni mabingwa wa kuharibu mali za watu. Aliyempokea alikuwa binti wa mzee, Arlys, ambaye alizisafisha silinda zile, akazipima, akazimulika moja moja, kisha akarudi akifuta mikono.

"Mbili nitazitengeneza," alisema. "Nne zina ufa kichwani, sizigusi, na ningekuwa wewe nisingezirudisha angani."

Baba, mwenyewe alitusimulia bila haya, alimjibu hivi: "Dada, neno hapana hata mtoto wa miaka miwili analijua. Sikuendesha gari kutwa nzima kuja kulinunua."

Arlys alimwonyesha mlango. Baba akabeba mzigo wake mpaka kwa fundi mwingine, ambaye sitamtaja, mwenye uwanja uliofagiwa, hakuna rundo wala nini, akapokewa kwa tabasamu, nyufa zikachomelewa, rangi ikapakwa, zikarudi zinang'aa kama sufuria za arusi. Mwezi Julai 1974, juu ya mahindi ya jirani yetu, kichwa cha silinda mojawapo kiling'oka, injini ikatikisika na kuzima, ndege ikajitupa shambani, na baba akatoka humo na bega lililovunjika na, kwa rehema za Mungu, pumzi yake.

Mwezi Agosti alirudi Salina, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, silinda ile ndani ya mfuko wa unga, akaiweka mezani bila hata salamu. Arlys aliitazama silinda, akamtazama na mwenye silinda.

"Hii nayo siitengenezi," alisema. "Lakini kaa unywe kahawa, jamani, umekonda."

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975, katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1977 na ndugu yangu Dwight mwaka 1980. Mzee Bruning alipofariki mwaka 1981 wakairithi karakana, na tangu hapo kila rubani aliyepiga simu kuuliza atampataje fundi mzuri wa silinda, hata aliye mbali asiyeweza kuja kwetu, baba alimpa jibu lile lile: nenda kwa miguu yako, usiulize wametengeneza ngapi, zunguka nyuma ya jengo ukatazame wamekataa ngapi.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Hospitali mbili zilisema zitampasua na atapona, na katika zote mbili, jamani, baba aliwauliza madaktari, "Rundo lenu liko wapi?" wakanitazama mimi wakidhani mzee amechanganyikiwa. Wa tatu, Daktari Raghunath, aliuliza ana maana gani, akaelezwa, akavuta kiti akatusimulia wagonjwa aliowapoteza na wale aliokataa kuwapasua, na mwisho akasema, "Mzee Vondracek, kwa moyo huu na mapafu haya, hutatoka hai kwenye meza ya upasuaji. Sitakupasua."

Mama yangu, mwanamke aliyekataa silinda za majimbo matatu, alisimama akamwambia daktari yule kwamba neno hapana hata mtoto wa miaka miwili analijua. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Arlys," alisema, "hayo ni maneno yangu."

Mama akakaa chini, akalia, na mimi nikalia, kwa sababu sote tulikuwa tunaitaka ile ndiyo, na ilikuwepo, hospitali mbili zilikuwa zinaitoa. Baba akachukua kofia yake, akamshukuru daktari, akasema twendeni nyumbani. Akapata masika, akapata kiangazi chote, akaonja mahindi mapya, na mwezi Septemba nilimrusha juu ya Wilber, mimi nikiwa rubani, katika ndege yenye silinda alizozitengeneza mama kwa mkono wake, baba akiwa kiti cha kulia, akinikosoa njia nzima. Alifariki tarehe 21 Oktoba, asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Tunawashukuru majirani waliotuletea mikate mitamu ya kolache na supu, mafundi wetu waliofunga kazi wiki nzima, wauguzi waliokuja nyumbani, na Daktari Raghunath, ambaye yuko hapa, safu ya nyuma. Daktari, mama ameniagiza niseme mbele ya watu wote kwamba ulikuwa sahihi, na kwamba bado ana hasira na wewe, na kwamba baada ya maziko usiondoke, uje karakanani ukae unywe kahawa.

Baba, safari hii fundi mzuri ulimtambua mara ya kwanza ulipomwona. Lala salama, upumzike.