Ufe Kidogo, Deni Lipite

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Spana, fundi baiskeli. Anayekaa katikati huzama, anayekaa pembeni hukaa kwa imani, na bado nafasi hugombewa. Birika la kahawa ni la Kamusi, karani mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa ana methali ya kila jambo na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Jumapili hiyo aliyezama katikati ni Maabara, kijana mwenye digrii ya kupima maji, anayeosha magari ya watu tangu amalize chuo. Alikuwa ameitwa kazini, kwenye mtambo wa kusafisha maji, aripoti kesho asubuhi. Mama yake alishawatangazia majirani wote, hata wale asiosalimiana nao. Yeye alikuja kijiweni kutafuta wa kumwambia asiende.

— Nikiajiriwa tu, bodi ya mikopo wananiona, alisema. Nimesoma kwa pesa yao na sijawarudishia hata senti. Wataanza kunikata, na faini juu.

— Usiende, alijibu Spana, macho kwenye mnyororo. Kuosha gari hakuna makato.

— Na digrii je?

— Iko kabatini muda wote huo. Imewahi kukulalamikia?

Kamusi alimimina kahawa, akakohoa kama mtu anayefungua mkutano.

— Dawa ya deni kulipa, sikatai. Lakini dawa hanyweshwi mtu asiyeumwa. Wewe unaumwa?

— Usiku silali, mzee.

— Hiyo ni kahawa.

Maabara alicheka. Kazi ile aliitaka. Aliitaka mpaka akaona uchungu, na ndiyo maana alitamani aambiwe haifai.

— Sikiliza, mimi wale nawajua, alisema Spana. Ujumbe wa kwanza wanakubembeleza, wa pili wanakukumbusha, wa tatu wanakutisha. Ukivumilia wa tatu, wanachoka. Cha msingi usidumu na namba moja ya simu.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, aliunga mkono Kamusi. Na ukishainama, nani atakuona?

— Kazini nitainama vipi, mzee?

— Kazi fanya, mshahara kataa. Mwambie bosi akulipe maji. Unapewa tangi lako, unauza mtaani. Bodi wakija kukata, wakate maji.

— Maji hayakatiki, alisema Spana.

— Si ndiyo maana yake?

Hapo akafika nesi mmoja, sare bado mwilini, anakokota baiskeli yenye tairi bapa. Spana akaipokea, nesi akakaa pembeni ya benchi, kwa imani. Mjadala haukumngoja.

— Ipo njia moja tu ya uhakika, alisema Kamusi, na sauti ikashuka. Ufe kidogo.

— Nife?

— Kidogo. Tunabandika tangazo, tunakaa matanga siku mbili, jina lako linafutwa. Wiki ijayo unaibuka mjomba wako wa mbali, mnayefanana sana.

— Na mshahara apokee nani?

— Mjane.

— Sijaoa, mzee.

— Basi umechelewa kote kote.

Nesi alisubiri kicheko kiishe.

— Samahani, kaka. Hilo deni ni kiasi gani?

Spana alishika tairi bila kulizungusha. Kamusi alimgeukia Maabara. Maabara alitazama vidole vyake. Hajui. Muda wote huo amekuwa mbioni bila kuuliza anakimbia kitu kikubwa au kidogo, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Na kwenye mshahara watakata kiasi gani? aliuliza tena nesi.

— Wote, alidakia Spana.

— Mimi wananikata kila mwezi, alimjibu nesi, na wanangu wanakula. Wanachukua fungu tu, kinachobaki changu. Faini ndiyo inaota ukikaa kimya. Fungua ukurasa wao kwenye simu, weka namba yako ya mtihani, uone.

Maabara akafungua. Akakosea mara ya kwanza, ya pili ikakubali. Akasoma, akarudia kusoma. Lilikuwa deni zito, lakini lilikuwa na mwisho. Kichwani mwake halikuwahi kuwa nao. Akapigia hesabu fungu la kila mwezi lililotajwa hapo juu ya mshahara alioahidiwa, na kilichobaki kilizidi kwa mbali anachopata kwa ndoo na sabuni.

— Kesho naenda, alisema. Alihisi usingizi unamjia hapo hapo, mchana kweupe.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema Kamusi, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaribia kukaa.

Spana alikuwa ameshaziba tairi, lakini hakumrudishia nesi baiskeli yake. Alijifuta mafuta mikononi taratibu, akaja kuchuchumaa mbele ya Maabara.

— Kabla hujafunga hapo, alinong'ona, ingiza na yangu.

Kamusi aliweka birika chini.

— Yako ipi? Wewe ulisomea nini?

— Ualimu, mzee. Wa hesabu.

Kisha akaitaja namba yake ya mtihani kwa kichwa, yote, bila kusita.