Kinyozi Aliyeogopa Mswaki

Katika basi la asubuhi, kinyozi mmoja wa mtaani kwetu alikaa mbele yangu, amempakata binti yake wa miaka minne. Kando yake alikaa dobi, mama mwenye sauti ya kusikika hadi kwa dereva. Mtoto alipopiga miayo, dobi aliona fizi zimevimba, nyekundu. "Huyu hapigi mswaki?" akauliza.

"Nimeacha, dada. Zinatoka damu. Ana tundu kwenye moyo, Alhamisi anapasuliwa. Nimwongezee maumivu?"

"Zinatoka damu kwa sababu umeacha! Uchafu ndio unaozivimbisha, na wadudu wake hupita kwenye damu mpaka moyoni. Mwanangu naye alikuwa na tundu. Alirudishwa nyumbani kutoka mlango wa chumba cha upasuaji kwa jino moja bovu, tukasubiri miezi mitano."

"Mimi nina huruma, dada."

"Mteja akilia kwamba wembe unawasha, unamwachia ndevu nusu kwa huruma?"

Watu walicheka, na mimi bibi mzima nilitangulia, Mungu anisamehe. Lakini niliona kitu kingine: dobi aligomba huku akimfunga mtoto kamba za viatu, taratibu, asimbane.

Basi likasimama. "Hapa ndipo kwa daktari wa meno," dobi akasema. "Teremkeni."

"Sisi tunashuka kituo kijacho," alijibu kinyozi, naye alikuwa ameshasimama, mtoto begani. Alipofika mlangoni akageuka. "Sijakubali, dada!"

"Usikubali, kaka. Wewe teremka tu."