Herufi ya Mwisho ya Eliasi

Benchi la kwa Selestina muuza kahawa, pale Makoko barabara inapokata kwenda ziwani, lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na kila mwenyeji anajua upande wa kukaa asije akajikuta chini. Ikifika saa nne asubuhi kahawa imeshaiva na wenye benchi wamefika. Profesa, jina lake Edwin, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mpaka leo hajaacha kusahihisha watu. Mama Furu, yaani Boke, anauza samaki, na ana sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya maji ukageuka. Clever ana bodaboda na simu yenye kioo kilichopasuka. Wa nne ni Stanslaus, ambaye tangu achaguliwe kuwa katibu wa Wazima wa Leo hakuna anayekumbuka jina lake la ubatizo. Ni Katibu tu, hata kwa mkewe.

Siku hiyo Katibu alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gazeti, na macho yalikuwa mekundu kwa vumbi la safari.

Wazima wa Leo ni chama cha watu walioacha pombe. Kilianzishwa mwaka themanini na saba na wanaume wawili: Eliasi, mvuvi wa Kibara aliyehamia huku, na Amos, mchuuzi wa ng'ombe wa Butiama. Walilewa chakari Bunda siku ya mnada bila kujuana, wakaamka asubuhi kwenye mtaro mmoja, kila mmoja kavaa kiatu kimoja cha mwenzake. Wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Miaka yote hiyo chama kilikutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha kanisa moja kule Kigera, bila mtu kuulizwa anasali wapi. Mpaka Pasaka hii, mchungaji mgeni alipoomba, kwa upole kabisa, mstari mmoja wa kuweka kwenye kumbukumbu zake: waanzilishi walikuwa Wakristo wa dhehebu gani?

Mstari mmoja tu, na wanachama kumi na saba wakawaka moto. Wakatoliki walisema chama ni chao, Wamenonite wakasema ni chao, Wasabato wakauliza kwani nani alichagua Jumamosi. Wakakubaliana jambo moja tu: vikao visimame, Katibu aende akatafiti. Miezi minne sasa chumba kina kufuli. Silasi, mwanachama wa miaka sita, tayari anaonekana kilabuni mchana kweupe.

Na kuna ambalo Katibu alikuwa hajamwambia mtu. Jumamosi iliyopita, saa ileile ya kikao, miguu ilimpeleka yenyewe hadi mlango wa kilabu. Alisimama pale dakika tano, anavuta harufu, miaka kumi na moja yote ikiyeyuka kichwani, hadi mtu mmoja alipomsalimia naye akajifanya anatafuta fundi wa redio. Ndiyo maana alilitaka jibu la mchungaji kuliko wote. Alitaka mlango ule wa Kigera ufunguliwe kabla Jumamosi nyingine haijafika, na Jumamosi yenyewe ilikuwa kesho.

— Alfajiri nimetoka Kibara, alisema akifungua gazeti. Mama Dorah, mjane wa Eliasi, kanipa hii daftari. Ukurasa wa kwanza ni mkono wa marehemu mwenyewe.

Profesa akavaa miwani, akajikohoza, akasoma kwa sauti ya darasani:

— "Leo tumeanza mimi na Amos. Leo hatunywi. Tumeanza kwa jina la Krist..."

— La Krist nini? aliuliza Mama Furu.

— Hapo ndipo penye doa.

Vichwa vinne viliinama juu ya karatasi. Aliye mgeni wa mambo haya aelezwe: Mkatoliki wa kwetu huandika Kristu, na wenzake karibu wote huandika Kristo. Herufi moja ingemaliza ugomvi wote, na juu ya herufi hiyohiyo palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kifungo cha shati.

— Ngoja nipige picha tuvute, alisema Clever. Mnaona? Ni u. Naona kamkia.

— Hako kamkia ni ufa wa simu yako, alisema Mama Furu. Na hiyo doa ni mafuta ya sangara. Nusa.

Profesa akanusa kweli.

— Mwaka themanini na saba, Mama Furu! Harufu gani inakaa miaka yote hiyo?

— Ya sangara inakaaga.

— Tufanye kisomi, alisema Profesa. Tulinganishe na u nyingine. Hii hapa, kwenye "tumeanza". Ehe. Hee! Mbona ameifunga juu? Na o ya "Leo" ameiacha wazi. Huyu bwana alifundishwa na nani?

— Kwa hiyo hata bila doa tusingejua, alisema Clever.

Hakuna aliyependa kusikia hilo. Selestina akamimina duru ya pili, na Profesa, ambaye si mwanachama, wala hajawahi kuonja kitu kikali kuliko kahawa hiyo, akarudi na nguvu mpya.

— Tuache maandishi, twende kwenye mwenendo. Eliasi alikuwa anakula mumi?

Mumi ndiye kambare, na Msabato hali samaki asiye na magamba. Mama Furu hakuhitaji kufikiri.

— Alikuwaga hali. Nimenunua samaki kwake miaka na miaka, mumi hagusi.

— Msabato! Profesa akapiga goti. Nilijua! Na Jumamosi ile!

— Subiri basi, mwalimu. Hali kwa sababu mumi lilimchoma hapa, kwenye kidole gumba, mkono ukavimba wiki nzima. Akaapa halitaingia nyumbani kwake. Hiyo nayo ni dini?

— Na Jumamosi?

— Jumamosi ndiyo tulikuwaga tunalipwa, alisema Katibu. Ndiyo siku tuliyokuwa tunakunywa. Angeweka Jumatatu angemkuta nani mzima?

Clever akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Na huko Butiama uliambiwa nini? Amos alikuwa wa wapi?

— Mdogo wake anasema Amos alikuwaga Mkatoliki Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ya pili anaenda kwa Menonite, kwaya yao ilikuwa tamu. Ya tatu anaenda mnadani.

— Na ya nne?

— Ya nne analala.

— Na Mama Dorah? Umelala nyumbani kwake, umekula ugali wake, hukumuuliza mumewe alikuwa anasali wapi?

— Nimemuuliza, Profesa. Akaniambia, alikuwaga anasali kwenye mtumbwi.

— Hilo siyo dhehebu.

— Ndivyo nilivyomwambia. Akanitazama weee, akaenda kukamua mbuzi.

Ndipo Clever akaja na lake.

— Mi nawauliza kitu. Kwa nini lazima iwe u au o? Labda jina lilikuwa refu. Labda ilikuwa Kristina.

— Kristina nani?

— Sijui. Mama muuza gongo wa Bunda. Wamekunywa kwake, wameamka mtaroni, wameapa kwa jina la aliyewaua. Tumeanza kwa jina la Kristina!

— Inawezekana kisarufi, alisema Profesa, akihesabu kwa kidole. Doa linaenea herufi tatu.

— Na Mama Dorah alijua, alidakia Mama Furu, utamu umemkolea. Ndiyo maana kaondoka kwenda kwa mbuzi! Na doa kamwagia mwenyewe, kwa wivu!

— Acheni! Katibu aliinuka, benchi likayumba. Acheni kabisa. Yule mzee mnamjua nyie?

Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na mwenyewe ilimshtua. Akakaa. Hasira ilimtoka upesi, ikabaki hamu ya zamani, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Alikiona chumba cha Kigera kama kilivyokuwa: dirisha moja, vikombe vya bati, chai ya rangi yenye tangawizi ya kuunguza koo, Amos akicheka kabla hajamaliza kisa chake hivyo kisa hakimaliziki. Na Eliasi kwenye kigoda, mikono inanuka nyavu, anasikiliza. Hakuruhusu mtu aape zaidi ya siku moja. Ukisema nimeacha milele, anakukatiza: leo, mwanangu, sema leo. Ndipo jina la chama lilipotoka.

— Mimi alinijia asubuhi, alisema Katibu, sasa kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeuza mpaka kitanda, mke kaenda kwao. Akagonga, ana sato wawili. Tukawakaanga, tukala, akaondoka. Kesho yake tena. Siku kumi na moja, hajataja pombe hata mara moja. Siku ya kumi na mbili hakuja, mimi ndiyo nikamfuata. Sikumuuliza anasali wapi. Niliuliza tu kama wamebaki samaki.

Mama Furu alijipangusa macho kwa pembe ya kanga na kuusingizia moshi wa jiko la Selestina. Alimkumbuka mzee, na Katibu naye alimkumbuka.

— Tulikuwaga watu kwenye kile chumba, alisema Mama Furu.

— Sasa barua ya mchungaji niandike nini? aliuliza Katibu. Naona niandike tu Kristu, mkono wangu, nifunike doa. Nani atajua?

— Andika Kristo, alisema Mama Furu, ambaye ni Mmenonite, na machozi yakamkauka palepale.

— Si unaona? Si unaona sasa?

Wangeanza upya, ila kivuli kiliangukia daftari. Mwanamke wa miaka arobaini hivi alikuwa amesimama mbele yao, kitenge safi, mkoba ameubana kwapani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama, walijibu, na Profesa akamsogelea kidogo, akauliza: Wewe unasali wapi?

— Profesa! alisema Selestina kutoka jikoni.

— Naitwa Hyasinta, alisema yule mama. Nimetoka Kigera. Ile chumba ya Wazima nimeenda mara tatu, ina kufuli. Wakaniambia wazee wake wanakaaga hapa.

— Umefika, alisema Katibu, akivaa ukatibu wake haraka. Karibu kiti. Mumeo amekunywa muda mrefu?

— Mume wangu hanywi. Ni mimi.

Selestina akamletea kikombe. Hyasinta akakishika kwa mikono miwili na bado kahawa ilikuwa inacheza pembeni, na wote wakatazama kando, kwa adabu.

— Leo ni siku ya tatu, alisema. Ya jana sijui nimeipitaje. Nikasema niulizie kikao cha kesho.

— Kikao, mama, kwa sasa kimesimama, alisema Katibu. Kuna utafiti. Suala la waanzilishi, mizizi yao ya Kikristo, unaona hapa kuna herufi...

Akamwonyesha daftari. Mama yule akainama akatazama doa kwa heshima yote, kama mtu anayeonyeshwa picha ya msiba wa watu asiowajua.

— Kimesimama tangu lini?

— Pasaka.

— Pasaka ya mwaka huu? Akawatazama mmoja mmoja, na hakukuwa na lawama usoni mwake, alikuwa anauliza kwa sababu alihitaji kujua. Basi wazee wangu, nyie wenyewe, miezi yote hii bila kikao, mnakaaje bila kunywa?

Profesa alifungua kinywa, akakumbuka kwamba hilo halimhusu, akakifunga. Clever aliiweka simu mfukoni. Katibu alitazama kandambili zake na kutafuta jibu la kikatibu, lenye kumbukumbu namba na tarehe, akakuta halipo. Lililokuwepo ni lile la mlangoni.

— Sikai, alisema. Naitwa Stanslaus. Jumamosi iliyopita nilienda mpaka mlango wa kilabu. Nilisimama pale dakika tano. Sikuingia, lakini haikuwa kwa nguvu zangu, ni mtu alinisalimia. Na kesho ni Jumamosi tena, na naogopa.

Alitegemea wamshangae. Hyasinta hakushangaa. Alikiweka kikombe chini na mikono yake ikatulia kidogo mapajani.

Aliyeinua kichwa alikuwa Mama Furu. Ile sauti ya kuita mitumbwi haikuwepo. Ilibidi wasogee ili wasikie.

— Wewe ulisimama, Katibu, alisema. Mimi niliingia. Mwezi wa sita. Na wiki iliyofuata nikaingia tena.

Clever akanyanyuka taratibu, akamwashiria bodaboda aliyesimama pembeni azime pikipiki yake. Katibu akajisogeza kwenye upande ule mbovu wa benchi, ili Mama Furu na mgeni wapate pazuri.

— Endelea, Boke, alisema. Tupo.