Jumanne za Bi. Siau Pek-ha

Marehemu Bi. Siau Pek-ha alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 huko Minxiong, nje kidogo ya mji wa Chiayi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Siau Khun, mkulima wa mananasi. Waliomjua utotoni wanasema mikono yake haikukosa mikwaruzo ya majani ya mananasi, na kicheko chake kilifika nyumbani kabla yake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Minxiong na kuhitimu mwaka 1959. Alitamani sana kuendelea, lakini nafasi ilikwenda kwa kaka yake, naye akapelekwa mjini kujifunza ushonaji. Mwaka 1968 alifungua kibanda chake karibu na stesheni ya reli, akishona sare za shule. Wengi wenu mlioketi hapa mmevaa suruali zake. Mtoto akinenepa, Bi. Pek-ha hakumwambia kanenepa. Alisema, "Kitambaa hiki kimenywea, lete nikipanue."

Kibandani humo ndimo alimopata mume. Bw. Khu Teng-bo, fundi wa vichwa vya treni ya milimani, alikuja kushonewa kifungo. Kesho yake akarudi na shati lile lile, kifungo kimekatwa kwa mkasi.

"Vifungo vyako vina adui," Pek-ha akamwambia.

"Huyo adui anataka kujua jina lako."

Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1971, wakajaliwa watoto wawili, Hui-chin na Seng-kiat.

Agosti 1993 Bw. Teng-bo alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala na maneno yakampotea. Mkewe alifunga kibanda akamlea: kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, kufua mashuka. Yeye mwenyewe alikula mabaki akiwa amesimama jikoni, siku nyingine akasahau kabisa. Kufikia Februari alikuwa amekonda hata pete ikawa inamvuka kidoleni. Asubuhi moja A-Chu, msusi mwenye saluni mkabala na nyumba yao, alimwona amesimama katikati ya njia, viatu vyake havifanani, pikipiki zinamkwepa, naye hakumbuki alikuwa anakwenda wapi. A-Chu akatoka akamvuta mkono.

"Dada Pek-ha, njoo ukae."

"Sina muda. Mgonjwa yuko peke yake."

"Mgonjwa kalala, nimemchungulia dirishani. Wewe ndiye sijui kama uko macho. Kaa!"

Akakaa. A-Chu akamwosha nywele, akamkanda kichwa taratibu hadi povu likasimama juu kama mkate wa mvuke. Pek-ha akalia chini ya povu lile, kisha akasinzia mdomo wazi. Alipozinduka aliomba bakuli la tambi, akalimaliza hapo hapo kwenye kiti. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Jumanne iliyofuata alirudi mwenyewe bila kuvutwa.

Wifi yake, Bi. Khu Gwat-go, yuko nasi hapa leo na ndiye aliyesisitiza jambo hili lisomwe. Alipita saluni akamkuta.

"Kaka yangu hawezi hata kujikuna, na wewe umekaa hapa umevikwa povu kama bibi harusi! Huoni aibu?"

Pek-ha alimtazama kwenye kioo.

"Wifi, nilimlisha kaka yako uji wa moto nikamuunguza ulimi, maana nilikuwa nimelala macho wazi. Nikianguka mimi, atamgeuza nani? Wewe?"

"Jumanne ijayo nije saa ngapi?" Gwat-go akauliza, bado kanuna.

"Saa mbili. Na uje umeshakula."

Alikuja. Pek-ha aliporudi alimkuta wifi yake ameketi sakafuni anahema, nywele zimemsimama.

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Ee! Huyo A-Chu wako, na mimi ataniosha?"

Tangu hapo wakawa wanapokezana, na ugomvi wao wote uliobaki ulikuwa wa nani aanze.

Jumanne moja ya mwaka 1995, Pek-ha alipoinama kumfuta mumewe mdomo, Bw. Teng-bo, ambaye hadi siku hiyo alitoa mlio tu, alimshika mkono akasema, "Una... nukia... vizuri." Pek-ha alikimbia hadi saluni, kijiko mkononi, kwenda kutangaza. Bw. Teng-bo aliishi hadi mwaka 2004, na mgongo wake haukuwahi kupata kidonda cha kulalia.

Baada ya hapo Bi. Pek-ha alianza kuzungukia nyumba za washirika wa kanisa letu wanaouguza. Hakuleta mawaidha. Aliketi kando ya mgonjwa na kumfukuza mwenye nyumba: "Toka, kaoge, katembee. Ukirudi kabla ya saa sita sikufungulii!"

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kudhoofu, na Hui-chin akarudi kutoka Taipei kumuuguza. Jioni ya tarehe 18 Oktoba 2023 binti huyo alikataa kubanduka kando ya kitanda cha mama yake.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nitakula baadaye, Mama."

"Baadaye ndiyo lini? Nenda pale kona ukale wali wa bata mzinga. Ule hapo hapo, usifungiwe uje nao."

Hui-chin alikwenda, akala huku machozi yanamdondoka, lakini akala. Aliporudi, mama alifumbua jicho moja.

"Walikuwekea vitunguu vya kukaanga?"

"Vingi, Mama."

"Aa, vizuri."

Akalala. Alfajiri ya tarehe 19 aliaga dunia usingizini, akiwa na umri wa miaka 76.

Ameacha watoto wawili, Hui-chin na Seng-kiat; mkwe mmoja; wajukuu watatu; wifi yake Bi. Gwat-go, na A-Chu, ambaye familia imemwomba aketi safu ya mbele pamoja na ndugu.

Bwana ampe usingizi mtamu, usiokatizwa na mtu yeyote.