Mzee Mbaluka na Mtetemo wa Spidi ya Themanini

Bwana Zachariah Mbaluka, msimamizi wa karakana yetu ya Dagoretti, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia Shirika la Macho Angavu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi, Valarie Awiti, mtunza stoo ya vipuri, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili nimegombana naye kuhusu grisi. Ukitaka kumjua mtu vizuri, mnyime grisi.

Aliajiriwa Machi 1994 kama fundi msaidizi, akitokea Makueni na cheti kimoja na overoli mbili. Wakati huo shirika lilikuwa na magari mawili, na karakana ilikuwa kipande cha uwanja chenye bati juu. Leo tuna magari kumi na tisa yanayopeleka madaktari wa macho Turkana, Kitui na Tana River, na hakuna hata moja ambalo hajalala chini yake. Mwaka 2006 akawa msimamizi. Cheo kilibadilika, lakini overoli ni kama zile zile.

Wenzetu wa ofisi kuu, Upper Hill, wanamjua kwa suti ya kanisani. Alifika huko mara mbili kwa mwaka: Desemba kwa karamu ya wafanyakazi, na siku moja aliyochagua mwenyewe kuja kunishtaki kwa Bi Kanyiva, meneja wetu wa usafiri. Lifti hakuiamini hata kidogo. Alipanda ghorofa saba kwa miguu, akafika juu amesahau nusu ya mashtaka, na hivyo ndivyo nilivyoshinda kesi zangu nyingi.

Karakanani tulimsoma kwa nyimbo. Akiwa chini ya gari anaimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba, tulijua kazi ni ndogo. Akinyamaza katikati ya ubeti, mimi nilianza kutafuta funguo za stoo.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzivunja. Ya kwanza, kifaa chochote kinachofunguliwa kwenye gari kitiwe alama ya chaki, ili kirudi kama kilivyokuwa. Chaki zenyewe zilitoka kwa mkewe, Mwalimu Nzisa, na nadhani shule yake bado inajiuliza zilikokwenda. Ya pili, kifaa hicho kioshwe kwa dizeli mpaka king'ae kabla ya kurudishwa, hata kama ni bolti itakayozama kwenye matope kesho yake. Wageni walicheka. Sisi tuliosha.

Lakini kinachonifanya niandike kwa moyo wangu wote ni kisa cha mwaka huu. Gari tunaloliita Sifuri Saba, kwa namba yake, lilikuwa limekwama mara tatu kwenye mchanga wa Turkana. Mwezi wa Juni Mzee akalifungia matairi makubwa zaidi, ya inchi thelathini na tatu, pamoja na springi ndefu za kuliinua. Likapendeza kama bwana harusi. Dereva wake, Jackton Ochola, alipiga picha nalo hata kabla ya kuliwasha.

Halafu likaanza kutetemeka. Mpaka spidi ya sabini lilikuwa limetulia kabisa. Likigusa themanini, viti na sakafu vilitetemeka mpaka vifaa vya madaktari vikafika Lodwar vimelegea skrubu. Kila mtu alilaumu matairi. Yalipelekwa balansi mara tatu Barabara ya Kirinyaga, yakarudi yamebandikwa vyuma vidogo vya uzani, na mtetemo ukabaki pale pale.

Matairi yalipokosa hatia, lawama zikahamia kwa dereva. Wakubwa wakaamini kwamba Ochola aligonga kitu huko Mai Mahiu akanyamaza. Akanyang'anywa ufunguo, akawekwa langoni kuandika magari yanayoingia na kutoka, huku akisubiri kamati ya nidhamu. Ochola ana watoto wanne na hajawahi kufanya kazi nyingine. Siku hiyo alikuja stoo akaegemea kaunta.

"Valarie, si mimi," aliniambia. "Nimewashow mara mingi, hawaskii. Wakinifuta saa hii, na hii miaka yangu, ni nani ataniandika?"

Niliumia sana.

Mzee Mbaluka aliomba apewe Sifuri Saba siku mbili kabla ya kamati kukaa. Alitoka nalo asubuhi hadi Southern Bypass, akalifikisha themanini na tano, akatulia kusikiliza. Usukani ulikuwa kimya mikononi mwake; kiti ndicho kilichotetemeka. Basi shida haikuwa mbele. Alirudi, akafunga matairi ya zamani, akatoka tena. Mtetemo ulikuwa ule ule, na hapo matairi mapya yakafutiwa mashtaka yote. Akiwa katika mwendo huo akatoa gia na kuiacha injini ipumue, na gari likaendelea kutetemeka. Injini nayo ikatoka kwenye orodha.

Mwishowe akafungua propela ya nyuma, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Akaiacha mezani, akaliendesha gari kwa magurudumu ya mbele peke yake. Likaenda themanini, likaenda tisini, limetulia. Tulishangilia alipoingia getini. Yeye hakushangilia, wala hakuimba.

Propela hiyo ina vipande viwili vyenye meno, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na ncha zake mbili lazima zielekeane sawasawa. Kwa kawaida vipande hivyo havitenganishwi. Mwezi wa Juni Mzee alivitenganisha kwa sababu gari lilikuwa linainuliwa. Sasa alivitazama mezani na kuona ncha zimepishana kwa jino moja. Alama ya chaki haikuwepo. Alikuwa ameitia kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mkono huo huo akaiosha kwa dizeli mpaka propela ikang'aa. Miaka yote hiyo sheria zake mbili hazikuwahi kugongana, na zilipogongana, aliyeumia akawa Ochola.

Akamweleza Bi Kanyiva yote siku hiyo hiyo. Bi Kanyiva ni mtu mwema na anampenda Mzee kama sisi. Alimkumbusha kwamba imebaki miezi minne astaafu, na faili lake halina doa. Akapendekeza iandikwe tu kwamba matairi yamerekebishwa, Ochola asamehewe, maisha yaendelee. Nilikuwepo, nimeshika risiti za grisi, na nakiri kwamba nilitamani Mzee akubali.

"Hapana, madam," Mzee akasema. "Ukimsamehe, watu watasema alikosa. Huyu hajakosa. Mwenye kukosa ni mimi, niandikie mimi."

Kamati ilipokaa, aliingia amebeba propela begani, akatandika gazeti juu ya meza ile nzuri ya mkutano, akailaza hapo na kuwaonyesha ncha zilivyopishana. Kisha akawaonyesha jinsi inavyopaswa kukaa. Ochola alirudishiwa ufunguo kabla ya saa kumi. Siku hizi karakanani alama hupigwa kwa patasi, na chaki za Mwalimu zimebaki shuleni.

Wiki iliyopita nililetewa faili la Mzee ili niandike wasifu huu. Lina vyeti vitatu, barua nyingi za pongezi, na barua moja tu ya onyo, ya Agosti mwaka huu. Bi Kanyiva alijitolea kuitoa ili Mzee aondoke na faili safi. Mzee alikataa. Mahali pa mfanyakazi kujitetea ameandika kwa mwandiko wake wa kuinama: "Ni kweli. Dereva hakuhusika."

Mzee Mbaluka, nenda ukapumzike Makueni na Mwalimu wako. Mfuge mbuzi wenu, mwamke mnapotaka, na Mungu awape afya na miaka mingi ya furaha. Tumekuwekea debe zima la grisi kwenye zawadi zako, na safari hii hukuhitaji kunishtaki popote. Nilipopitisha karatasi ya shukrani wote watie sahihi, nilianza na wakubwa, kama ilivyo desturi. Bi Kanyiva aliisukuma mbele bila kuandika kitu, na kila aliyeipokea akafanya hivyo hivyo, mpaka ikafika langoni, kwa dereva aliyekuwa akitoka na Sifuri Saba. Kwa hiyo jina la kwanza kwenye karatasi yako ni la Jackton Ochola, dereva. Sisi wengine tunafuata chini yake.