Noti za Kumi Zimekufa

Okito: Haloo? Haloo! Nani huyu? Sema kwa nguvu, hapa Kisangani!

Sharifa: Haloo... Louis?

Okito: Nani?

Sharifa: Louis, mwanangu. Ni mimi, mama yako mukubwa. Sharifa wa Kindu. Niko ndani ya kibanda cha posta.

Okito: Aa, mama mukubwa! [laini inakwaruza] Mama, lile jina la kizungu tuliacha tangu mwaka wa sabini na mbili, serikali ilikataza. Hapa biro, kazini, niko Okito. Sitwayeni Okito, ndiyo mwananchi Okito. Kuna watu karibu.

Sharifa: Padri alikupa Louis ili uingie masomo. Ni mimi njo nililipa. Sawa, Okito. Hamujambo?

Okito: Hatujambo. Bibi yangu mujambo, watoto wajambo. Na huko?

Sharifa: Huko tumekufa.

Okito: [anacheka] Mama mukubwa bwana! Nani amekufa?

Sharifa: Noti za kumi.

Okito: Aa. Ile.

Sharifa: Ile. Radio ilisema siku ya Noeli, noti za zaire tano na za kumi hazina kazi tena, kila muntu apeleke banki, mwisho leo saa kumi. Siku tatu nimesimama musitari. Nilifika na giza la alfajiri, mbele yangu watu mia ine. Leo asubuhi mukubwa wa banki ametoka, anasema noti mpya zimekwisha. Zimekwisha! Hatukuona hata moja. Wale wa magari waliingia kwa mulango wa nyuma, wakatoka na mifuko.

Okito: Ni shida ya inchi nzima, mama. Hata hapa.

Sharifa: Wewe umepoteza ngapi?

Okito: Mimi? [anakohoa] Mimi... kidogo. Haloo? Unanisikia?

Sharifa: Nakusikia vizuri. Sikiliza, niko na dakika sita tu. Mama Ntumba, jirani yangu, njo amenikopesha noti za moja kulipa hii simu, yuko hapa nje ya kioo ananingoja. Okito, zile noti zangu ndogo nilizokupa, ziko wapi?

Okito: Hukunipa, mama. Tulibadilishana.

Sharifa: Tulibadilishana, ndiyo.

Okito: Ulikuwa na makopo mawili ya mawese yamejaa noti za moja na za makuta makumi tano, zile za nusu zaire, zinanuka samaki, panya amekula pembe. Mimi, kwa huruma, nikakuambia: mama, hii ni akiba gani? Nikakupa noti za kumi, mia mbili na makumi sita, safi, zikaingia kwa mukanda wa kiuno. Wewe mwenyewe ukanibariki.

Sharifa: Nilikubariki. Nilishika kichwa chako kwa mikono miwili.

Okito: Basi.

Sharifa: Tarehe kumi na tatu ulikuja Kindu, ukanibadilishia. Tarehe makumi mbili na tano noti za kumi zikakufa. Za moja na za makuta ziko nzima, sokoni zinatembea. Okito, wewe unafanya kazi ndani ya banki.

Okito: Mama—

Sharifa: Ulijua?

Okito: Mama mukubwa, maneno kama haya hayasemwi kwa simu. Unataka wanifunge?

Sharifa: Sikuuliza juu ya kufungwa.

Okito: Ni siri ya serikali. Nani anaweza kujua siri ya serikali? Hapana, tuseme ukweli: kosa ni la kuweka pesa nyumbani. Wazee wetu hamukufundishwa kuweka akiba. Hapa biro iko karatasi kutoka Kinshasa, ngoja, iko hapa chini ya kioo cha meza. Kijana wa miaka makumi mbili awe na mushahara wa mwezi mumoja pembeni. Wa makumi tatu, mushahara wa mwaka. Wa makumi ine, miaka mitatu. Wewe uko na miaka ngapi?

Sharifa: Makumi sita na moja. Dakika zinakwisha, mwanangu.

Okito: Makumi sita: mishahara ya miaka kumi!

Sharifa: Mushahara gani? Nauza mupunga kwa kopo pale gare, kwa watu wa treni.

Okito: Njo nasema. Karatasi haikuwaza watu kama wewe.

Sharifa: Na wewe ulipokuwa na makumi mbili, uliweka ngapi?

Okito: Mimi nilikuwa mwanafunzi.

Sharifa: Ulikuwa munywaji. Mimi niliweka, wewe ukanywa, bado nikaweka. Mara ya kwanza niliweka falanga, mwaka wa sitini na saba falanga elfu nzima ikawa zaire moja. Nikasema basi, kwa nyumba hapana, nikaweka kwa duka ya Mugiriki, ananiandikia kwa daftari. Mwaka wa sabini na tatu wakamufukuza Mugiriki, duka wakamupa sitwayeni mukubwa. Alikunywa duka miezi sita, mpaka na rafu. Nikauliza daftari langu, akaniambia nimuandikie Mugiriki Ulaya. Nikaanza tena na noti ndogo, kopo kwa kopo, miaka sita. Kwa umri gani karatasi yenu inasema muntu aache kuibiwa?

Okito: Punguza sauti, mama. Huko posta kuna masikio.

Sharifa: Masikio yote ya Kindu yako kwa musitari wa banki. Nakuomba kitu kimoja. Nirudishie zangu. Noti hizi za kumi nitakutumia na ndege ya kesho, wewe njo muntu wa banki, utajua pa kuziingiza.

Okito: Kesho zitakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Sharifa: Basi nirudishie nusu.

Okito: Zile ndogo zilikwisha, mama. Nilikuwa na gharama. Safari, mizigo, bibi yangu alikuwa na—

Sharifa: Zote? Kwa siku kumi na tano?

Okito: Maisha ya mujini. Muntu wa makumi tatu si kama ninyi. Mimi niko na cheo, niko na wageni, lazima niwe na viti. Wewe unakula mara moja kwa siku na unashukuru. Kusema kweli, kwa miaka yako muntu haweki tena akiba. Anawekewa. Sanda haifiki zaire makumi tano, hiyo nitatoa mimi, naapa.

Sharifa: [anakaza mukanda wa kiuno]

Okito: Haloo? Laini imekatika?

Sharifa: Haijakatika. Asante ya sanda. Okito, unajua pesa ile ilikuwa ya nini.

Okito: Ya... nyumba.

Sharifa: Ya nyumba. Badibanga, mwenye nyumba, amemaliza kazi ya reli, anarudi kwao Kasai. Nyumba ya mutaa wa Mikelenge nimeikalia miaka kumi na kenda, nawe ulikulia mule. Alisema: Mama Sharifa, elfu mbili na mia sita, ni yako, usiponilipa, ataipata mwingine. Nilikuwa nazo kamili. Ulinibadilishia siku mbili kabla ya kumulipa, ukaniambia nisiende mbio, nimutishe kidogo, atapunguza bei.

Okito: Ilikuwa shauri tu.

Sharifa: Sasa ananikimbia. Tangu juzi nagonga, bibi yake anasema hayuko, na viatu vyake naviona kwa mulango. Juma tatu anapanda treni. Okito, wewe njo muntu mukubwa, neno lako linasikika. Muandikie. Mupigie simu pale gare. Sema unanisimamia, anipe miezi mitatu. Nitauza mashine ya kushona, nitauza vyombo, nitalima kwa watu. Nisilale inje na uzee huu. Ni hilo tu naomba. Sina lingine.

Okito: Mama mukubwa, haiwezekani.

Sharifa: Ni simu moja.

Okito: Haiwezekani, nakuambia! Karatasi ya nyumba imekwisha kupigwa muhuri, Badibanga hawezi—

Sharifa: Muhuri?

Okito: [laini inakwaruza]

Sharifa: Okito. Muhuri gani?

Okito: Nimesikia... watu wanasema...

Sharifa: Mimi niko Kindu sikusikia. Wewe uko Kisangani umesikia. Muhuri wa lini?

Okito: Mama, hawa watu hapa wananiita, acha nita—

Sharifa: Muhuri wa lini?

Okito: ...Tarehe kumi na ine.

Sharifa: Kumi na ine. Siku ile uliniambia unaenda kusalimia wenzako wa masomo. Nikakupikia kuku.

Okito: Sikiliza. Sikiliza vizuri kabla hujakasirika. Kama singenunua mimi, angenunua mugeni. Sasa iko ndani ya jamaa! Sikufukuzi. Mimi na bibi yangu tunakuja mwezi wa pili, wananihamisha Kindu. Chumba cha nyuma, kile cha makaa, ni chako. Na kodi nitakupunguzia.

Sharifa: Kodi.

Okito: Kidogo tu. Kwa heshima. Bibi yangu hapendi watu wa bure.

Sharifa: [anageuka, anatazama nje ya kioo]

Okito: Mama? Umelia?

Sharifa: Hapana. Nageuka tu. Ngoja. — Mama Ntumba! Fungua mulango huu kidogo. Enda kwa fundi Masudi, mwambie achukue ngazi na watoto wake wale wakubwa. Apande sasa hivi. Ndiyo, yote. Atajua. Enda, dada, enda! — Haloo.

Okito: Apande wapi? Fundi wa nini?

Sharifa: Unakumbuka mwaka wa sitini na ine, vita ilipita, nyasi za nyumba zikaungua zote? Ulikuwa mutoto, nilikuficha chini ya meza.

Okito: Sasa hiyo—

Sharifa: Badibanga alisema hana pesa ya kuezeka. Nikaezeka mimi. Kila mavuno ya mupunga, mabati mane. Miaka sita, mabati makumi mbili na ine, na misumari yake. Kwa miaka ile nilikuwa na akili, nikiona pesa naigeuza bati. Uzee njo ulinipa ujinga wa karatasi. Mbele ya mukubwa wa mutaa tulisema: kuta za Badibanga, mabati ya Sharifa. Kila muntu Mikelenge anajua.

Okito: Badibanga ameniuzia nyumba nzima!

Sharifa: Amekuuzia yake. Soma karatasi yako yenye muhuri, nitafutie mahali wameandika bati.

Okito: Mama, zile kuta ni za udongo! Tofali mbichi! Na sasa ni mvua!

Sharifa: Ni mvua, ndiyo. Naiona kwa dirisha la posta. Iko ng'ambo ya muto Lualaba, bado haijavuka.

Okito: Mvua mbili tu, kuta zitaanguka! Nimelipa elfu mbili na mia nane!

Sharifa: Ulimuongezea mia mbili ili aniache. Kumbe nilikuwa naweza kuuzwa kwa mia mbili.

Okito: Musimamishe Masudi! Nitaita polisi. Niko na watu kwa chama, nitakufunga, nakuambia, mwanamuke muzee au hapana!

Sharifa: Leo polisi wote wako banki, wanapiga watu wa musitari. Waite.

Okito: [sauti inashuka] Mama mukubwa. Mama. Mimi mutoto wako. Tusiharibiane. Nakurudishia elfu moja na mia tatu, noti ndogo, na ndege ya juma ine. Naziweka kwa bahasha leo.

Sharifa: Ulisema zilikwisha.

Okito: Nitazitafuta.

Sharifa: Ziko kwa meza yako.

Okito: Elfu mbili! Elfu mbili, na chumba cha mbele, bila kodi! Haloo? Mbali na yote, wewe utalala wapi? Umefikiri? Utalala wapi leo?

Sharifa: Nitalala chini ya bati langu, ukuta nitauona kesho. Wewe kwa miaka yako uko na ukuta na karatasi. Tuone nani ataamka mukavu.

Okito: Uko na roho mbaya! Kumbe uko hivi!

Sharifa: Nimechelewa kuwa hivi. Kama ningekuwa hivi mwaka wa sitini na saba...

Okito: Mama, naomba—

Sharifa: Mama wa posta ananionyesha saa. Muda wetu umekwisha.

Okito: Ongeza! Mwambie aongeze, nalipa mimi, huku nalipa!

Sharifa: Ngoja, nasikia nyundo. Hapana, ni mbali mno, ni moyo wangu. Haya, Okito. Kaeni vizuri. Salimia bibi yako, mwambie asifunge godoro la kuhamia Kindu, litalowa—

Okito: Mama mukubwa! Elfu mbili na mia sita, yote! Haloo! Posta! Rudisha Kindu! Haloo? Haloo!