Mzee Sanda Astaafu Akiwa Hai

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuuawa, kuzikwa, kufukuliwa na kuwatokea watu madirishani, Mzee Sanda anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mshonaji wa chumba cha mavazi, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyonipa ni kwamba hakuna binadamu aliyemvisha sanda mara nyingi kuliko mimi. Nimeipokea heshima hiyo, ingawa sijui nimweleze nani nyumbani.

Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine, kuanzia bosi mpaka mlinzi wa getini, tunamwita Mzee Sanda, na mkewe akipiga simu ofisini humuulizia kwa jina hilohilo.

Hakuja kwetu kuigiza. Alikuja kama fundi seremala, atutengenezee jeneza moja na mlango mmoja unaolia ukifunguliwa. Siku ya kupiga picha za jeneza, mwigizaji aliyekodiwa kuwa maiti alishindwa na mtekenyo. Kila alipofunikwa shuka alicheka. Mwongozaji wetu, ambaye uvumilivu haujawahi kuwa mzigo kwake, alimfukuza, akageuka, akamwona fundi anapiga msasa kifuniko. Akamwomba alale humo dakika chache tu. Fundi alijikung'uta vumbi la mbao, akalala, akafumba macho. Mama wa chai, aliyekuwa anapita na birika, akaanza kulia. Hizo dakika chache ndizo zinazoisha mwezi huu.

Tusidanganyane: filamu zetu za mwanzo zilikuwa mbovu. Mizimu ilivaa saa za mkononi. Popo walikuwa soksi. Magazeti yalituponda na kumbi kubwa zikatufungia milango. Lakini kanda zilianza kupita mkono kwa mkono, bweni kwa bweni, na vibanda vya video vikajaa watu waliokwisha kariri kila neno. Walikuja wamejifunga shuka nyeupe, wakisema maneno yake kabla yeye hajayasema. Leo hii wapo watu wazima, wenye vyeo na vitambi, ambao wakimwona benki huacha foleni ili wapigwe picha akiwa amewakaba koo. Yeye huwakaba kwa upole, na kwanza huwauliza kama wana matatizo ya kifua.

Wapenzi wake hao hawajui kwamba mtu mwenyewe ni mwoga ajabu. Anaogopa panya. Anaogopa lifti, ndiyo maana miaka yote amepanda kwa miguu hadi ghorofa yetu ya nne. Filamu za kutisha za watu wengine hazitazami kabisa, eti zinamkosesha usingizi.

Kuna siku maji yalikatika studio, naye akatoka kazini na jeraha lake la shoka bado limebandikwa kwenye paji la uso. Alitaka kupitia duka la dawa kumnunulia mkewe dawa ya kikohozi. Foleni yote ikampisha. Muuza dawa alimtazama, akamwambia baba, hapa hatuna dawa ya hiyo, na kabla hajajieleza msamaria mmoja alikwisha mtia ndani ya gari lake. Mzee wa watu aliona haya kumvunja moyo mtu mwema kiasi kile, akanyamaza njia nzima. Hospitalini nesi alilifuta jeraha kwa pamba, jeraha likabaki kwenye pamba. Damu yetu tunaipika kwa sukari na rangi ya keki, kwa hiyo sisimizi walikuwa wamekwisha fika. Yule nesi na mkewe Mzee Sanda ni mashoga mpaka leo.

Sasa niseme habari ya kidole, maana kila mtu anaijua na wachache wanajua ilivyoanza.

Binti yake wa pekee, alipokuwa bado mdogo wa chekechea, alimwona baba yake akichomwa kisu kwenye televisheni ya jirani. Baba mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, mzima, anakula karanga. Haikusaidia. Mtoto alilia mpaka akatapika, na kwa siku nyingi hakukubali kwenda kulala kabla ya kumgusa shingo. Mzee Sanda akampa ahadi: tangu siku hiyo, kila akifa kwenye filamu, atachezesha kidole gumba cha mguu wa kushoto mara moja, ili mwanawe ajue kwamba baba hajambo.

Ahadi hiyo aliitunza kama deni. Ilibidi afe peku, basi akafa peku katika filamu zote, hata alipoigiza meneja mwenye suti, hata alipoigiza askari. Viatu vyake vilikuwa vinaruka vyenyewe kila alipopigwa. Mimi ndiye niliyevilegeza kamba. Watazamaji walikuja kukigundua kidole, na tangu hapo ukumbi mzima husubiri, kisha hupiga kelele kwa pamoja: Kidole! Wanaoelewa sinema husema hiyo ndiyo sababu filamu zetu hazijafa. Mwongozaji alikichukia kidole kile kwa moyo wote. Kwa miaka alimbembeleza Mzee Sanda ampe kifo kimoja tu, kimoja, kisicho na kidole, apate kazi ya kupeleka kwenye mashindano makubwa.

Mwaka jana, tulipokuwa tunamalizia filamu yetu ya mwisho, alimbembeleza tena, asubuhi, mbele yetu sote. Mzee Sanda alicheka tu, akasema tutaona.

Mchana huo alianguka kwenye zulia la sebule ya bandia, mkono kifuani, kama ilivyoandikwa. Kamera ikasogea. Tukangoja. Kidole hakikutikisika. Mpiga picha alimtazama mwongozaji, mwongozaji akaweka kiganja mdomoni kwa furaha. Hatimaye! Watu wakaanza kupiga makofi chini chini. Ni sisi peke yetu duniani, nadhani, tunaoweza kumpigia makofi mtu anayekata roho.

Binti yake, ambaye siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kumletea miwani aliyoisahau. Yeye hakutazama uso wa baba yake. Alitazama mguu. Kisha akaingia mbele ya kamera na viatu vyake vya shuleni, akiita baba, baba, na mwongozaji akapaza sauti, "Mtoeni huyo!" Hakutoka. Alipiga magoti juu ya zulia, akamgusa shingo, akatugeukia na kutufokea kwamba mtu huyu anakufa. Dereva wetu alimbeba Mzee Sanda mgongoni, akashuka naye ngazi za ghorofa zote nne.

Ulikuwa moyo. Madaktari walimwahi. Wakamwambia mambo ya kuanguka, kupiga mayowe na kulala kwenye maji ya baridi sasa basi.

Lakini kamera ilikuwa haijazimwa, na kanda ilikuwepo.

Sitaki kumsema mwongozaji vibaya. Alikaa hospitalini siku tatu kwenye benchi la mbao na hakuoga. Ila msanii ni msanii. Alipoona mwenzake amepona, alimwomba ruhusa ya kuitumia ile picha, akikata pale binti anapoingia. Mzee Sanda alikuja chumba cha uhariri na fimbo yake, akajitazama akianguka. Akaomba irudishwe. Akaomba tena. Uso ulimng'aa. Alisema miaka yote hiyo alikuwa anatafuta namna ya kuulegeza ule mkono, na hapo ndipo hatimaye ulipolegea sawasawa. Alisema hiyo ndiyo kazi bora ya maisha yake, itumike. Nilikuwepo, na ninakiri kwamba kwa macho ya kazi yetu alisema kweli.

Jioni alimweleza binti yake. Tulidhani atagomba. Mkewe Mzee Sanda ndiye aliyenisimulia kwamba binti hakugomba hata kidogo. Aliendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, kisha akasema, "Baba, ile si kazi yako. Pale hukuwepo."

Mzee Sanda hakulala vizuri. Fundi yeyote wa kweli angeelewa. Mtu huyu hajawahi kukubali kusifiwa kwa mlango alioutengeneza mwenzake. Kesho yake alipanda ngazi polepole, akipumzika kila alipopishana na mtu, akaingia chumba cha uhariri na kuomba ile picha ifutwe. Mwongozaji alibisha, kisha akabembeleza, kisha akatoka nje ya chumba ili asione. Mhariri akaifuta. Haipo tena popote. Mzee Sanda alimshukuru, akaniuliza kama chai ipo.

Filamu ikakosa mwisho, kwa hiyo tuliandika mwingine. Ndani yake anaamka kwenye kiti, anazima taa ya sebule, anatoka mlangoni kwa miguu yake, basi. Kwenye onyesho la kwanza wapenzi wake walingoja afe mpaka maandishi ya mwisho yakapita. Wengine walinuna. Mmoja aliyevaa shuka alinifuata mlangoni kudai kwamba ametapeliwa. Mstari wa mbele binti yake alikuwa bado amekaa, mikono mapajani, anatazama skrini iliyokwisha kuwa nyeupe. Mama yake aliniambia kwamba filamu nyingine zote amezitazama kupitia katikati ya vidole.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote uliowatisha kwa mshahara na uliowachekesha bure, asante. Asante kwa milango yako, ambayo mpaka leo inalia vizuri kuliko waigizaji wetu wapya. Asante kwa kutufundisha kwamba anayeigiza kifo lazima kwanza awaangalie walio hai waliomzunguka. Tunakuombea afya, raha ya nyumbani, wajukuu wasio waoga na nyumba isiyo na panya.

Utakuwa unalala mchana sasa, kama wastaafu wote. Nasikia binti yako akitoka shuleni hupitia kwako, hunyata mpaka kwenye kochi, huinama, husikiliza kama unapumua. Nasikia pia kwamba unakasirika anapokuamsha. Usikasirike, mzee wangu. Mfumbulie jicho, mwambie akalete chai, mnywe wote.